Kadi Mbili na Penseli ya Bibi

Duka la fundi kompyuta lilikuwa mwisho wa ujia, baada ya mshona viatu. Nilifika jua linazama, mshona viatu anafunga sanduku lake. Nilikuwa na swali moja tu: kadi ya picha ya kompyuta ninunue ya bei nafuu, au ile ya ghali?

Tofauti ya bei ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili.

"Inategemea kazi, mama," alisema fundi. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye kikohozi kisichoisha. Akanivutia kigoda nikae. "Kama ni kijana wako anataka kucheza gemu, ya nafuu inamtosha."

"Sina kijana. Ni picha moja ya zamani. Nataka kusafisha uso."

"Uso wa nani?"

"Wa mama yangu."

Akaziweka kadi zote mbili mezani. Kisha akanieleza kwamba programu ndogo ya kusafisha nyuso inakaa kwenye kadi yoyote, ila ile kubwa inadai kadi yenye kumbukumbu nyingi, yaani hiyo ya ghali.

"Lakini nikuonye. Hizi programu hubuni. Pasipo na uso, zinakuchorea wa kwao."

"Sasa nitajuaje kama inafaa?"

"Beba zote mbili. Niachie pesa ya hiyo ya ghali. Kesho unarudisha moja."

Njiani nilimpigia kaka yangu, anayeishi mbali, nikamweleza habari ya kadi. Hatuna mwingine aliyebaki, mimi na yeye.

"Makaratasi," alisema. Nyumbani waliniita hivyo kwa sababu vyeti, barua na picha zote za ukoo ninazo mimi. "Marehemu hawajali gigabaiti, dada."

"Wewe ulikuwa na miaka sita mama alipokufa, mimi mitatu tu. Unamkumbuka?"

"Nakumbuka gauni."

"Na uso?"

Nilisikia redio yake ikizimwa.

"Gauni tu," alisema.

Nilifika chumbani kwangu, ghorofa ya nne, saa mbili kasoro robo usiku. Nikawasha taa, nikaitoa picha kwenye bahasha.

Ndiyo picha pekee ya mama. Watu wa ukoo, kumi na mmoja kwa jumla, wamejipanga mbele ya ukuta, na yeye kakaa katikati, kanipakata. Nilikuwa na miaka miwili. Nyuso zote zinaonekana isipokuwa wake. Pale penye uso pana ukungu. Niliambiwa alitingisha kichwa wakati mpigapicha anabonyeza.

Lazima nieleze habari ya bibi yangu mzaa baba. Kabla ya picha yoyote, bibi alihesabu watu. Aligusa bega la kila mmoja, polepole, na picha ikishasafishwa aliandika idadi kwa penseli mgongoni mwake. Idadi yake ilizidi mmoja siku zote. Tukiwa saba, kaandika wanane. Baba alikuwa akicheka: "Mama yangu anahesabu hadi aliyekwenda chooni." Bibi hakucheka wala hakusahihisha.

Alipokufa, idadi hizo nilizisahihisha mimi. Picha zilizokuwa na penseli yake zilikuwa tano, hii ya mama ikiwa mojawapo. Nilikaa mezani na kifutio, nikafuta namba zake zote tano, nikaandika zilizo sahihi. Sikupenda kosa libaki kwenye kumbukumbu za familia.

Nilifungua kompyuta, nikaweka kwanza kadi ya nafuu, nikaiingiza picha kwa skana. Programu ndogo ilichukua dakika ishirini. Nyuso za shangazi na ami zikatoka safi kama za jana. Uso wa mama ukawa laini, umesawazishwa kama chungu ambacho hakijachorwa.

Nikazima. Nikaweka ya ghali.

Feni yake ilianza kwa sauti ndogo, ikapanda. Programu kubwa ilikwenda mstari kwa mstari kutoka juu. Ukuta. Nywele. Paji la uso...

Hapo nikasikia harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Ukungu ulikuwa umejigawa vipande. Virefu, vinalingana. Nilisogea karibu na kioo cha kompyuta.

Vilikuwa vidole.

Mama hakutingisha kichwa. Mkono ulikuwa umemziba uso. Ulitoka nyuma yake, na juu ya bega lake la kushoto, palipokuwa na kivuli tu, sasa palikuwa na bega jingine.

Nilihesabu mara tatu. Kumi na wawili.

Nikajiambia maneno ya fundi: programu hubuni. Kisha nikaigeuza picha. Chini ya 11 yangu bado palikuwa na alama ya penseli ya bibi, imebonyea kwenye karatasi, kifutio hakikuweza kuimaliza. 12.

Bibi aliandika hivyo miaka hamsini iliyopita, kwa penseli.

Niliona haya, kama mtoto aliyemsahihisha mtu mzima mbele ya wageni. Nilifuta 11 yangu nikairudisha 12 ya bibi. Halafu nikaipitisha picha tena kwenye programu, nijiridhishe tu.

Kidole kidogo kilikuwa kimeshuka.

Shavu la mama likaonekana. Shavu tu, na ncha ya mdomo. Nilikaa nikalitazama muda mrefu. Nina miaka hamsini na mbili, na sikumbuki kuwahi kuliona shavu la mama yangu.

Nilichukua picha ya pili kwenye bahasha, ya kipaimara cha kaka. Nikafuta 7, nikaandika 8. Nikaipitisha ile ya mama. Kidole cha pili kikashuka.

Ya tatu. Ya nne.

Mdomo ulikuwa wazi kidogo, wa mtu aliyekatizwa akisema. Pua ni yangu. Kilibaki kidole gumba, kimelala juu ya macho yote mawili. Kilikuwa kirefu kuliko gumba la mtu.

Harufu ya udongo ilikuwa kali sasa.

Picha ya tano ilikuwa yangu mwenyewe. Nilipigwa picha studio nilipomaliza kidato cha nne, nimesimama peke yangu mbele ya pazia. Bibi alikuja kunisindikiza. Nakumbuka alinigusa bega, kisha akagusa hewa kando yangu. Mgongoni aliandika 2.

Mimi nilifuta. Nikaandika 1.

Niliishika penseli bila kuandika. Maisha yangu yote nimeiamini hiyo moja. Chakula cha mtu mmoja, ufunguo mmoja, kikombe kimoja juu ya sinki. Nimeilalamikia mara nyingi, lakini niliiamini. Nikiandika mbili, nitakuwa nimekubali nini?

Nisipoandika, kesho nitarudisha kadi ya ghali, na mama atabaki gauni.

"Basi," nilinong'ona. Sijui nilikuwa namwambia nani.

Nikaandika 2.

Feni ikapanda, ikalia, ikashuka. Picha ikafunguka.

Nilimwona mama yangu.

Alikuwa kijana. Mdogo kwangu kwa miaka mingi, kama binti ambaye ningeweza kumzaa. Macho yake yalikuwa makubwa, na hayakutazama kamera. Yalitazama juu kidogo, kupita kioo, kupita uso wangu, nyuma yangu. Na mdomo uliokatizwa ulikuwa wa mtu anayemwonya mtoto wake.

Mkono haukuwepo. Bega halikuwepo.

Nilihesabu. Kumi na mmoja.

Nyuma yangu, ubao wa sakafu ukalia mara moja, taratibu.

Kesho yake jioni nilimrudishia fundi kadi ya nafuu.

"Kwa hiyo ile ya ghali imefaa?" aliuliza.

"Nimemwona."

Alinitazama, kisha akatazama kando yangu. Kikohozi kikamkata. Akanivutia kigoda kama jana. Akasita. Akainama chini ya meza, akavuta kigoda cha pili, akakiweka karibu na changu bila kuniuliza neno.

Nilikaa. Kile cha pili kikatoa mlio wa mbao inayokaliwa.

Sikugeuka. Uso wa mama sasa naukumbuka vizuri, na kila nikiukumbuka, bado unatazama pale pale.