Udongo Uliochomwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Eliana alipita darasani kumpa kobe majani mabichi. Kobe huyo alikanyagwa mguu na gurudumu la mkokoteni karibu na stesheni ya Itigi. Kidonda kilikwisha kufunga, ila bado alichechemea. Mwalimu Flora, mwalimu wa sayansi, alimkabidhi Eliana amtunze ndani ya sanduku la vioo hadi apate nguvu za kurudi porini.

Asubuhi hiyo harufu kali ilimpokea mlangoni. Kinyesi kilikuwa kimelundikana juu ya udongo, na ukungu mweupe umetanda.

"We Eliana, kobe wako ametushinda!" alisema Isaka, amebana pua. "Afadhali choo cha stesheni!"

Mwalimu Mkuu alikwisha kuonya kwamba harufu isipokoma kufikia mwisho wa mwezi, kobe atatolewa. Kwa mguu ule, angeliwa na mbwa kabla hajavuka reli.

"Nyunyiza dawa ya wadudu," Isaka alishauri. "Siku hizi hata duka la chumvi linaiuza."

"Ili nimuue na kobe mwenyewe?"

Eliana alikwenda ofisini kwa Mwalimu Flora. Alimstahi sana mwalimu huyo, ambaye hushika jongoo kwa vidole vitupu huku wavulana wakirudi nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu. Nadhani harufu ya sandukuni ni kosa langu. Uliniagiza udongo wa kichakani. Niliuleta, lakini niliuchoma kwanza. Baba huchoma mabua juu ya kitalu cha tumbaku ili kuua magugu na wadudu. Nikadhani nitamkinga kobe na vijidudu."

"Marahaba. Baba yako hakosei," alijibu Mwalimu Flora. "Mbegu ya tumbaku hupenda kitalu kilichopita motoni. Lakini sandukuni mwetu, nani atakula kinyesi cha kobe ikiwa walaji wote umewachoma?"

Jioni walikwenda vichakani, mbali na mashamba yaliyopuliziwa dawa. Mwalimu alifukua majani yaliyooza. Chini yake kulijaa uhai: jongoo, nyungunyungu, na vidudu vidogo kama punje za ulezi. Eliana alitazama kwa mshangao. Wafanyakazi wengi hivyo, na hakuna aliyewahi kuwashukuru! Walibeba ndoo mbili, wakautupa udongo wa zamani, wakajaza mpya pamoja na majani yake.

Mwisho wa mwezi Mwalimu Mkuu aliingia darasani, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Kumbe mmekwisha kumtoa?"

"Yumo, Mwalimu!" wanafunzi waliitikia. "Amejichimbia!"

Isaka aliinua jani kidogo. Gamba likaonekana, na kando yake jongoo wawili wakiwa kazini. Mwalimu Mkuu akacheka. "Basi abaki hadi apone."

Mwalimu Flora aliwageukia wanafunzi. "Usafi si kuua kila kinachotambaa. Kijue kiumbe kabla hujakihukumu. Tena ukikosea, sema mapema kama Eliana. Angenyamaza, leo kobe huyu angekuwa barabarani."

Eliana aliinamia sanduku, akamsogezea kobe majani.