Dakika Saba za Upepo

Mama yangu, Desanka, amepitia vita, mafuriko na baba yangu, na hakuogopa lolote. Kitu kimoja tu humtetemesha: upepo unaoingia dirisha hili na kutokea lile. Kwetu Nish, nchini Serbia, tunaamini upepo huo huleta maumivu ya shingo, figo na meno. Kwa hiyo ikifika Oktoba, baridi inapoanza, Mama hufunga madirisha yote na kuziba nyufa kwa matambara.

Mwaka ule tulitetemeka ingawa bomba la joto, lile la ukutani la kupasha chumba, lilikuwa likiwaka. Nikanunua hita ya umeme. Mita ikazunguka kama pia, na sisi tukaendelea kutetemeka. Nguo zilianikwa sebuleni, maharage yalichemka kutwa bila mfuniko, na vioo vilitiririka maji. Nyuma ya kabati, ukuta uliota ukungu mweusi.

Wiki tano kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wetu, binti yetu Tijana alipiga simu.

"Baba, mwambie Bibi. Mtoto wangu ana kifua. Kama ukungu bado upo, simleti."

Mama alikuwa hajamwona kitukuu wake hata mara moja. Ilimuuma. Alikunja aproni yake, akaikunjua, kisha akasema, "Pakeni rangi."

"Tulipaka mwaka jana, Mama," mke wangu Vesna akamjibu. "Ukungu ulirudi kabla hatujarudisha ngazi ya watu."

Vesna akamwita Radojka, jirani wa mlango wa pili, fundi mstaafu wa mitambo ya joto. Radojka alipitisha kidole kwenye kioo, akamwonyesha Mama maji.

"Shoga, haya ni maharage yako, na nguo zako, na pumzi zenu. Unyevu hauna pa kutokea, basi unakwenda kukaa kwenye ukuta wa baridi, na hapo ukungu unaota. Ukuta wenye unyevu hula joto. Umeme mnauchoma bure."

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

"Funikeni sufuria. Kabati liachane na ukuta, upana wa kiganja. Toeni kochi na pazia mbele ya bomba, maana sasa mnapasha joto kochi. Ukungu ufuteni kwa siki, mkivaa glavu. Halafu kila asubuhi na jioni fungeni bomba, fungueni madirisha yote, wazi kabisa, dakika saba tu. Hewa inabadilika, kuta hazipoi."

"Hili na lile? Kwa pamoja?" Mama akauliza.

"Kwa pamoja."

"Radojka, unataka nife urithi koti langu."

"Koti lenyewe halinitoshi. Hebu niambie, huo upepo unakudhuru ukiwa wapi?"

"Nikiwa katikati yake."

"Basi usiwe katikati. Njoo kwangu tunywe kahawa. Upite kwenye nyumba tupu, ukose mtu wa kumuua."

Mama akaenda kutafuta skafu zake.

Kesho yake saa moja asubuhi Vesna alifungua madirisha, akatoka mbio kama aliyewasha baruti. Mama alikuwa kwa Radojka tayari, kajifunga skafu mbili, saa ya jikoni mkononi.

Wiki ya pili vioo vilikauka. Wiki ya tatu hita ilikwenda stoo, na majirani wa juu wakaanza kuja kwa Radojka na vikombe vyao.

Siku ya sikukuu Tijana alifika. Kabla ya kuvua koti alimulika nyuma ya kabati kwa simu, akanusa. Ukuta ulikuwa mweupe. Akamkabidhi Mama mtoto, naye akalia waziwazi mbele ya padri aliyekuja kubariki sikukuu.

Baadaye samaki wa kukaanga walijaza nyumba mvuke. Mama akasimama.

"Wote kwa Radojka. Bebeni sahani zenu."

"Hata mimi?" padri akauliza.

"Upepo hauchagui, baba."

Wageni kumi na wanne wakahama na samaki wao. Mama alibaki mlangoni kwa Radojka, kitukuu kafungwa blanketi kifuani, akitazama mapazia yetu yakipepea ng'ambo ya korido.

"Haya, pita," akauambia upepo. "Lakini huyu humpati."