Diski Aliyoihamisha Laban

"Usiiguse, Seline! Si nimesema usiiguse?"

Alikuwa ameshaigusa. Kifuniko cha seva, kompyuta kuu iliyohifadhi kumbukumbu za wagonjwa, kilikuwa sakafuni, skrubu zake ndani ya kikombe cha chai, naye Seline amepiga magoti akichungulia ndani. Humo zilipaswa kuwa diski mbili, pacha, kila kinachoandikwa kwenye moja kikiandikwa na kwenye nyingine, ili moja ikifa mwenzake aendelee na kazi. Aliona moja tu, na hiyo ndiyo iliyokufa asubuhi. Kando yake zilining'inia nyaya tupu.

"Ya pili iko wapi, Laban?"

"Iliharibika. Niliipeleka Nairobi."

"Lini?"

"Kitambo."

"Na lile onyo kwenye skrini? Si uliniambia diski bado zinalinganishwa, nisijali?"

Laban akajifanya anatafuta bisibisi. Mashine ile ilitengenezwa kuvumilia. Ukimwondoa pacha mmoja, aliyebaki anabeba mzigo wote kimya kimya, na watu wanadhani mambo ni mazuri.

"Basi nipe kanda ya akiba, yenye nakala za kumbukumbu."

"Hakuna kanda. Tukiwa na diski mbili, kanda za nini?"

"Laban, tulikuwa na moja!"

Mlango ukasukumwa. Mzee Oketch, mfagiaji, akaingia na ndoo yake.

"Bibi arusi! Jumamosi ni yako, na leo umelala sakafuni kama samaki mbuta aliyevuliwa?"

Seline alijaribu kucheka, akashindwa. Jumamosi watu wa Laban, mchumba wake, wangetoka Bungoma kwenda Ahero kwa ayie, kuomba ridhaa ya mama yake. Kanisa lingefuata Desemba, kabla mwaka huo wa tisini na sita haujaisha.

Nje ya dirisha la hospitali, wagonjwa wa kifua kikuu walijaa kwenye mabenchi, wakikohoa ndani ya leso. Bila kumbukumbu za kompyuta, hakuna aliyejua nani amefika wapi na sindano zake.

Simu ya mezani ikalia. Seline akainuka na kuishika.

"Haloo, hapo ni kwa kompyuta? Nipatie Laban."

"Ameshika kazi. Nimwambie ni nani?"

"Nelima wa soko la Kibuye, hapa kwa duka la kuchapa. Mwambie ile diski aliyoniwekea inapiga kelele. Na akitoka apitie maziwa ya mtoto, yameisha."

"Mtoto wa nani?"

Yule mwanamke akacheka kidogo, bila ubaya wowote.

"Wa Laban, dada. Kwani wewe ni mgeni hapo?"

Seline akarudisha simu mahali pake taratibu.

"Mzee, tuache kidogo."

Oketch aliwatazama wote wawili, akabeba ndoo yake, akatoka.

"Una mtoto Kibuye."

"Seline, nisikilize..."

"Na diski ya wagonjwa umeifuta, sasa inachapa kadi za harusi za watu sokoni."

"Nilitaka Nelima ajitegemee, aniachilie! Nilifanya hivyo kwa ajili yetu!" Akamshika mikono. "Sista Metrine anakuja. Tutasema mzee alichomoa waya akifagia, umeme ukaharibu diski. Ni mzee, watamstaafisha tu."

"Na mimi niseme nini?"

"Wewe nyamaza tu. Ukisema, hakuna Jumamosi. Umenielewa?"

Sista Metrine, msimamizi wa hospitali, aliingia akihema.

"Mmefikia wapi? Watu wanakufa pale nje."

"Sista," Laban akaanza, "huyu mfagiaji..."

"Mzee Oketch hajagusa kitu," Seline akamkata. "Laban aliing'oa diski ya pili akaipeleka kwa mwanamke wake Kibuye, na kanda aliacha kuziandika. Kumbukumbu zimekwenda, Sista."

Sista alimgeukia Laban.

Walimfukuza kazi siku hiyo hiyo. Seline alikaa benchini na wagonjwa, akimuuliza kila mmoja alianza dawa lini. Mama mmoja wa Sondu hakukumbuka hata mwezi. Akalia, na Seline akalia naye.

Jioni, alipofika Ahero, maji ya mafuriko yalikuwa yamefika ukingoni mwa boma. Ndani ya nyumba ya mama yake, kwenye kiti cha wageni, alikaa Laban. Seline akasimama mlangoni. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe kabla ya ayie. Laban alilijua hilo vizuri, na bado alikuwa ameingia.

"Nyathina, mwanangu, keti," mama yake, Dorca, akasema, macho chini. "Mwombe msamaha, mambo yaishe."

"Amekwambia kuhusu mtoto, Mama?"

"Amenieleza. Watoto wa nje wako kila mahali. Lakini wewe umemharibia kazi mbele ya watu. Na majirani wote wanajua kuhusu Jumamosi. Nitawaambia nini?"

"Sina makuu, Seline," Laban akasema kwa sauti ya upole, ile aliyoipenda zamani. "Sema tu pole. Watu wangu bado watakuja."

"Wazuie."

"Seline!" mama akalia. "Neno moja tu! Umri unakwenda!"

"Acha uende, Mama. Nilisema kweli, na wakiniuliza tena nitasema vilevile."

"Kwa hiyo huombi msamaha?" Laban akauliza, akiinuka.

"Siombi."

"Hata kwa ajili ya mama yako?"

"Hata kwa ajili yake. Siombi, Laban. Toka."