Abiria wa Mshale

Watu wa mtaa walimwita Mshale. Mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mcheshi, na baiskeli kwake ilikuwa kama mguu wa tatu. Asubuhi aliipanda kwenda kazini. Jioni aliipanda kurudi nyumbani. Jumapili yeye na rafiki zake walipanda kilima cha nje ya mji, kisha wakashuka wakipiga kelele kama watoto waliofunga shule.

Alipokuwa mjamzito, baiskeli ilisimama ukutani. Mshale aliifuta vumbi na kujaza matairi upepo.

"Ningoje kidogo," aliiambia. "Nina mgeni njiani."

Mgeni akafika salama. Alikuwa mtoto wa kiume, mwenye mashavu yaliyojaa na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mama mkwe alifunga safari, akaja kumsaidia mzazi. Alimpakata mjukuu wake akamwita "mume wangu".

"Mume wangu huyu hana hata jino moja," alisema, "lakini anavyoniamrisha! Babu yake hakuthubutu."

Mume wa Mshale alikuwa seremala. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Furaha yake ilionekana mikononi. Kila jioni alijifungia karakanani, na sauti ya randa na msasa ikasikika mpaka jikoni. Mtoto alipotimiza mwezi mmoja, seremala alitoka na kitu kilichofunikwa shuka.

"Fumba macho," alimwambia mkewe.

Mshale alipofumbua, aliona kiti kidogo cha mbao. Kilikuwa laini kama kioo. Ubavuni kilichongwa maua. Nyuma kilikuwa na vyuma viwili vya kukifungia kwenye baiskeli.

"Cha mwanetu," alisema seremala. "Jumapili mtaweza kwenda wote."

Mshale alimrukia shingoni. Tangu ajifungue, alikuwa ametoka nje ya geti kwa nadra sana. Alimpenda mtoto wake kupita kiasi. Hata hivyo, rafiki zake walipopita Jumapili wakipiga kengele, machozi yalimlengalenga. Hakumwambia mtu. Aliona haya. Mtu amepata mtoto mzuri hivi, halafu alilie baiskeli?

Mama mkwe alitoka jikoni, mwiko mkononi.

"Jumapili kwenda wapi?" aliuliza.

"Kutembea kidogo, mama," alijibu Mshale. "Mimi na mtoto."

"Kwa baiskeli? Wewe sasa ni mama wa mtu! Mambo hayo yamekwisha. Uzeni hiyo baiskeli, mnunue kitanda cha mtoto."

"Mama, baiskeli siuzi," alisema Mshale. Alisema kwa heshima, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Basi na mjukuu wangu haendi!"

Seremala alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. Alijiona kama ubao uliobanwa pande mbili. Akakohoa, akarudi karakanani.

Asubuhi iliyofuata Mshale aliamua. Mume wake alikuwa amekifunga kiti barabara kwenye baiskeli. Mshale alimlaza mtoto ndani, akamzungushia mashuka pande zote. Alitaka kuzunguka uani tu, amwonyeshe mama mkwe, aliyesimama mlangoni, kwamba hakuna neno. Alishika usukani. Mara geti likagongwa.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa jirani yao, mkunga wa zahanati ya mtaa. Ndiye aliyempokea mtoto huyu mikononi mwake siku aliyozaliwa.

"Karibu! Shikamoo, mama mkunga."

"Marahaba, mwanangu. Hee! Tayari mna dereva mpya?"

Mkunga alicheka. Hakufoka. Alimtoa mtoto kitini taratibu, mkono mmoja chini ya kichwa, akampa mama mkwe.

"Kiti ni kizuri mno," alimwambia seremala, aliyekuwa ametoka karakanani. "Fundi, mikono yako ina baraka. Lakini huyu bado hajawa abiria."

"Nitakwenda polepole," alisema Mshale. "Na nimemzungushia mashuka."

"Haya, tujaribu. Jikoni kuna mfuko wa unga? Na tikiti maji je?"

"Liko dogo," alisema mama mkwe. "Nimelinunua mwenyewe jana."

Mkunga aliweka mfuko wa unga kitini. Akaliweka tikiti juu yake, akalifunga kwa kitambaa chepesi.

"Unga ndio mwili wa mtoto," alieleza. "Tikiti ndicho kichwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Kitambaa hiki ndiyo shingo, kwa sababu shingo yake bado ni laini, haina nguvu. Fundi, sukuma baiskeli mpaka getini. Polepole kabisa."

Seremala alisukuma kama mtu anayebeba mayai. Tikiti lilianza kuyumba. Likainama kushoto, likainama kulia. Karibu na geti palikuwa na mfereji mdogo wa maji. Gurudumu la mbele likapita. La nyuma likadunda. Tikiti likaruka, likaanguka, pwaa! Maji mekundu yakatapakaa uani.

"Tikiti langu!" alilia mama mkwe.

Wote waliangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika chenyewe. Mshale alikwenda kwa mtoto wake, akakifunika kile kichwa kidogo kwa kiganja.

"Na nikimfunga mgongoni?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Usimfunge mgongoni wala kifuani," alisema mkunga. "Ukianguka, mnaanguka pamoja, na uzito wako wote unaweza kumlalia. Tena akidunda, kichwa chake kinatikisika vilevile. Msubiri. Avuke mwaka kwanza. Awe anakaa mwenyewe bila kuegemea, na shingo imekaza hata akivaa kofia ngumu."

"Nilisema mimi!" mama mkwe alidakia. "Baiskeli iuzwe!"

"Hapana, mama yangu, hilo sikulisema," mkunga alijibu. "Mtoto asubiri. Mama yake atapanda tena."



Mkunga alimgeukia Mshale. "Wewe pia mwili wako una kidonda, ingawa hukioni. Wiki ya sita njoo zahanati nikupime. Damu iwe imekatika, maumivu yawe yameisha, na kama ulishonwa, pawe pamepona. Aliyejifungua kwa upasuaji husubiri zaidi. Kwa sasa tembea kwa miguu, kidogo kidogo. Siku ukianza baiskeli, anza na njia fupi ya tambarare. Mnyonyeshe mtoto kabla hujatoka, na unywe maji ya kutosha. Ukiona damu, au ukisikia maumivu au uzito chini ya tumbo, shuka urudi, kisha uje tuonane."

"Na si vibaya kutamani kutoka?" aliuliza Mshale. Sasa machozi yalishuka kweli.

"Vibaya kwa nini? Mazoezi yanampa mzazi nguvu na kumchangamsha. Mtoto anahitaji mama mwenye afya. Na huzuni ikikuzidi siku yoyote, usiifiche. Niambie, au mwambie mumeo."

Seremala alisogea. "Mimi nilidhani ukitaka kitu utasema," alimwambia mkewe.

"Niliona haya."

"Basi Jumapili asubuhi mtoto ni wangu," alisema seremala. "Nitamwogesha, nitambadilisha nepi. Wewe nenda."

"Wewe? Nepi?" mama yake alicheka. "Hii lazima niione!"

Wakafuata ushauri. Mshale alitembea kwa miguu kila jioni, mtoto akiwa kifuani, mpaka dukani na kurudi. Baada ya kupimwa na kuruhusiwa, alitoa baiskeli nje. Mara ya kwanza alifika kona ya pili tu. Miguu ikagoma. Akarudi akiisukuma, huku akijicheka njia nzima. Wiki iliyofuata alifika sokoni. Miezi ikapita, na Jumapili moja rafiki zake walimwona akipanda kilima nyuma yao, jasho linamtiririka, meno yote nje.

Nyumbani, seremala alijifunza. Mwanzoni nepi alizifunga kwa fundo la kufungia mbao, mtoto akashindwa kukunja miguu. Baadaye akawa mtaalamu. Mama mkwe alimnywesha mjukuu maziwa ambayo Mshale aliyakamua na kuyaacha kwenye kikombe safi chenye kifuniko. Siku moja Mshale alisitasita kuondoka, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha.

"Nenda bwana, nenda!" mama mkwe alimfukuza. "Ukitoka unarudi unaimba. Usipotoka unatununia wote, hata mume wangu huyu mdogo."

Mtoto alivuka mwaka. Alikaa imara, akasimama, akakimbia. Kile kiti cha maua kiliwekwa miguu minne, akawa anakaa hapo kunywa uji wake. Kwa ajili ya baiskeli walinunua kiti kingine, na mkunga akaja kukikagua. Mgongo wa kiti hicho ulikuwa mrefu. Kilikuwa na mikanda ya mabegani na kiunoni, na vikinga vya kuzuia miguu isiingie kwenye spoki. Mtoto alivalishwa kofia ngumu iliyomkaa sawasawa. Mama yake naye akavaa yake.

"Usimwache kitini baiskeli ikiwa imesimama peke yake," mkunga alikumbusha. "Inaanguka upesi."

Walichagua barabara tulivu, isiyo na magari mengi. Seremala alitembea kando, mama mkwe nyuma. Mshale alikanyaga pedali taratibu. Nyuma yake mtoto alipiga kelele za furaha. Ghafla kelele zikakoma. Kimya.

Moyo wa Mshale ulishtuka. Alifunga breki, akaweka miguu chini, akageuka.

"Kuna nini? Ameumia?" mama mkwe alikuja mbio.

Mtoto alikuwa amekaa wima, macho yamefumba, kinywa wazi kabisa. Alikuwa anaumeza upepo. Baiskeli iliposimama na upepo ukaisha, alifumbua jicho moja, akamtazama mama yake kwa hasira, akampiga teke la mgongo.

"Haya, dereva," alisema mama mkwe akihema. "Mpe mume wangu upepo wake!"