Hodi ya Duka la Tatu

"Wewe fundi, jana ulikuja kwangu kutafuta nini?"

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja wa makamo, mteja wa mikate, amesimama chini ya ngazi na mfuko wake mkononi. Juu ya ngazi alikuwa fundi wa mtandao, ambaye kazini walimwita Waya kwa wembamba wake na kwa kazi yake, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Akamtazama yule mama, akacheka.

"Mimi, mama? Kwako hata sipajui."

"Usinifanye mtoto. Ulibisha hodi saa kumi jioni. Sauti yako hii hii. Nikasema karibu, pita, mlango uko wazi." Yule mama akageuka kutazama nyuma, kisha akashusha sauti. "Hakuingia mtu. Lakini kiti cha mlangoni kikafanya kwiii, kama kimekaliwa na mtu mzito."

"Na chai nilikunywa?"

"Cheka tu. Nyumba yangu tangu jana inanuka nywele zilizoungua."

Akaondoka bila kununua mkate. Waya akarudi kwenye nyaya zake akipiga mluzi, maana alikuwa mtu wa masihara, na masihara hayo ndiyo yaliyompatia sifa kazini.

Hebu niyaeleze. Kampuni ilikuwa na maduka matatu, na meneja wa mauzo alitaka kitu kimoja tu, namba za simu za wateja. Njia ya kuzipata ilikuwa intaneti ya bure. Mteja akiingia dukani, simu yake inafungua ukurasa, anajaza jina, namba na siku ya kuzaliwa, anabonyeza kukubali, basi anapata waifai na kampuni inapata mtu wa kumtumia matangazo mpaka achoke. Kwa wengine ukurasa huo huwa na maneno makavu ambayo hakuna anayeyasoma. Waya akasema ah-ah, sisi tutie utani kidogo. Akarekodi sauti yake mwenyewe, nzuri, ya kubembeleza. Mteja akifungua ukurasa, simu inamwambia, "Hodi!" Chini yake kuna kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa KARIBU. Usipokibonyeza, hupati kitu.

Meneja alicheka mpaka akapiga meza, na ofisi nzima ikacheka naye. Watu wazima wote wale, waliobisha hodi na kukaribisha wageni tangu wajue kusema, hakuna hata mmoja aliyejiuliza: dukani mgeni ni nani? Si mteja? Sasa kwa nini mteja ndiye akaribishe? Na anamkaribisha nani, na wapi? Lo! Walicheka tu, wakaenda kula.

Tena kulikuwa na mtu aliyewaonya. Mtunza ghala wa duka la tatu alimkuta Waya akipima mahali pa kufunga ruta, pale juu ya dari, kati ya ghala na ofisi ya meneja.

"Hapo usifunge kitu, ndugu yangu. Hapo pana mwenyewe."

"Panya?"

"Mwenyewe. Alikuwapo kabla ya duka. Hasumbui mtu, kwa sababu hana pa kwenda. Wenzetu wale hawaingii kwa mtu bila kukaribishwa."

Waya akamwambia asubiri apige picha ya ruta, amtumie mwenyewe huyo kumwomba ruhusa. Akafunga ruta pale pale, maana ndipo mawimbi yalipokuwa na nguvu. Alipotoa kichwa darini alisikia harufu ya nywele zilizoungua, akadhani ni waya umeshika moto. Akaukagua. Ulikuwa mzima.

Mpaka hapo ni uzembe, na uzembe husameheka. Kilichofuata ndicho ambacho Waya hadi leo hawezi kukisimulia akiwa amekutazama usoni.

Mtambo ule ulikuwa na ramani. Kila mteja aliyebonyeza KARIBU alionekana kwenye kioo cha kompyuta kama nukta, na nukta ikatembea naye dukani, kabati kwa kabati. Waya na meneja walizoea kuketi ofisini, chini ya dari ile ile, wakizitazama na kuzipa majina. Huyu ni Mikate ya Jana. Yule ni Mpima Viatu. Na ilikuwapo nukta moja iliyokuja kila asubuhi, ikasimama dakika arobaini mbele ya nguo za watoto wachanga, kisha ikatoka bila kununua hata soksi.

"Nukta ya bure hii," meneja akasema. "Inakula hewa ya baridi tu. Hebu fungua tuone ni nani."

Waya akafungua. Namba aliijua kwa moyo. Ilikuwa ya mama mkwe wake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba ajiandikishe, wiki ya kwanza, ili hesabu ya wateja ipendeze. Mama yule alivaa miwani, akasikiliza hodi, akabonyeza kile kitufe polepole kwa kidole cha shahada, akawaambia majirani, "Sauti ya mwanangu hii, mnaisikia?" Mke wa Waya alikuwa amekwenda kujifungulia kwake, mtoto wa kwanza, na Waya alijua vizuri sana kwa nini mama anasimama mbele ya zile nguo. Alikuwa akizishika moja moja na kuzirudisha.

"Unamjua?" meneja akauliza.

Ilikuwa ni kusema ndiyo, basi. Neno moja. Lakini meneja alikuwa tayari anacheka, na Waya aliona haya kuwa mkwe wa nukta ya bure.

"Simjui," akasema. "Simjui huyo mama."

Si hilo tu. Alipoona meneja bado anacheka, akajitolea kuandika ujumbe wa kuwatumia wote wanaosimama bila kununua: *Mteja mpendwa, nguo hazivaliwi kwa macho. Nunua au wapishe wengine.* Ulikwenda kwa watu ishirini. Kuitoa namba moja katika ile orodha kungemchukua muda wa kupenga kamasi, ila meneja alikuwa amesimama nyuma yake. Akatuma.

Jioni alikwenda kwa mama mkwe kumwona mkewe. Mama akamwandalia chakula kama kawaida, akamuuliza habari za kazi. Hakusema kitu. Waya akajifariji kwamba wazee hawasomi jumbe. Lakini kesho yake ile nukta haikuja, wala keshokutwa. Siku ya nne ndipo mama wa mikate alipokuja kusimama chini ya ngazi.

Baada yake walikuja wengine. Dereva mmoja. Mwalimu. Mzee wa viatu. Wote walisema kwa sauti ya chini, kama watu wanaouliza habari ya ugonjwa wa aibu: sauti yako, fundi, mlangoni kwangu, mchana kweupe. Kiti kinalia na nyumba inanuka. Kisha mama wa mikate akarudi, na safari hii hakuja kuuliza.

"Leo imesema," akamwambia. "Imeketi kwenye kiti changu, mbele ya watoto wangu, ikasema mimi ni Mikate ya Jana. Ikacheka. Ndivyo mnavyotuita?"

Waya akainua macho kutazama juu. Ofisi ilikuwa chini ya dari ile, na yule wa darini, miezi yote ile, alikuwa na masikio.

Simu ikaita. Mkewe, ananong'ona.

"Baba watoto, mbona unatutesa? Unabisha hodi, mama anakukaribisha, huingii. Leo mara ya tatu."

"Nani amekaribisha?"

"Mama. Kila mara anasema karibu mwanangu, pita. Halafu kiti cha mlangoni kinafanya... unasikia? Unasikia hicho?"

Na Waya alisikia, kwa mbali ndani ya simu, kiti kikilia, na nyuma ya kiti sauti ya mtu mwenye raha zake akiongea polepole bila kupumua, na kilio cha mtoto wake wa siku kumi ambacho kilipanda, kikakatika katikati kama mtu amemziba mdomo, na mkewe akisema mtoto hanyonyi, tangu jana hanyonyi, akisikia hiyo sauti anageuza shingo kuitafuta kwa sababu anadhani ni wewe, na ile sauti, sauti yake yeye Waya, ikawa inakaribia simu neno kwa neno mpaka akayatambua maneno yenyewe, na alipoyatambua akaikata simu kwa mkono wake mwenyewe, akaketi chini katikati ya duka.

Alikwenda kwa Mama Simu. Huyu alifanya kazi miaka thelathini kwenye simu za zamani za kuunganishwa kwa mkono, na alipostaafu watu wakaanza kumpelekea mambo ya majini, kwa kuwa alijua kutofautisha sauti ya mtu na isiyo ya mtu. Alimsikiliza akiwa amefumba macho.

"Ulisema nini humo ofisini?"

"Mzaha tu, mama."

"Aliyekuja kwangu ni wewe au ni mzaha?"

Ikabidi aseme. Alipofika kwenye "simjui" akataka kuliruka, Mama Simu akamrudisha mpaka akalisema.

"Ling'oe hilo dude lako darini, asipate nyumba mpya," akasema. "Zile alizokwisha kaa, kila aliyemkaribisha amkane kwa kinywa chake. Aseme, sikukaribishi, sikujui. Lakini hawatamkana wakidhani ni wewe. Kwa hiyo utawaambia sauti ile ni ya nani na maneno ni ya nani."

"Wote? Ni mia nne na kumi na mbili."

"Si umeshafika kwao wote? Sasa unaona haya. Ungeona haya ukiwa ofisini." Akafumbua macho. "Na sikiliza. Hatakufa. Ataendelea kubisha. Kubisha hatuwezi kumkataza. Nyumba iliyomtoa isiijibu tena sauti hiyo, hata mara moja."

Aliing'oa ruta, akaanza kupiga simu na kugonga milango. Alitukanwa matusi ya kila namna. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima, ikamuuma kuliko matusi. Mama wa mikate akamkana jini palepale, kiti kikanyamaza, kisha akamwambia Waya naye atoke. Meneja alizima simu. Siku tano zilikwisha hivyo, na nyumba ya mama mkwe akaiacha ya mwisho. Mtoto wake alikuwa huko, hanyonyi, anaishi kwa maziwa ya kukamuliwa na kijiko, na bado akaiacha ya mwisho.

Alifika saa tisa mchana. Mlango ulikuwa wazi. Kabla hajafungua kinywa alijisikia mwenyewe ndani.

"Nukta ya bure. Simjui. Simjui huyo mama."

Mama mkwe alikuwa ameketi akikitazama kiti kitupu, mikono mapajani, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuijua. Mkewe alikuwa chumbani, anasikika akimbembeleza mtoto asiyelia. Harufu ilikuwa inachoma macho. Waya akapiga magoti pale mlangoni.

"Mama. Hiyo sauti si yangu."

Mama hakugeuka.

"Maneno ni yangu," akasema Waya.

Akayasema yote, nukta, na kicheko, na ujumbe, na meneja aliyesimama nyuma yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze, haikupasuka, ikabidi afike mwisho.

"Najua, baba," mama akasema. "Ule ujumbe niliusoma siku ile ile. Nilikuwa na miwani."

"Sasa mama, kwa nini ulikuwa unaikaribisha? Siku zote hizi?"

"Nilidhani umekuja kuniomba radhi. Nikasema nisimzuie."

Waya akalia. Alilia kama watu wazima wanavyolia wakisahau kwamba wanaonekana. Kisha akamwambia la kusema, na mama akanyanyuka, akakikabili kile kiti.

"Sikukaribishi," akasema. "Sikujui."

Kiti kikalia mara moja. Kitu chenye joto kikampita Waya mlangoni, kikasita sikioni mwake kama kinachotaka kumwambia siri, kikaenda zake. Chumbani mtoto akapiga ukelele mkubwa wenye afya, na mkewe akasema, "Ananyonya. Mama, ananyonya!"

Basi wakaishi. Mkewe hakurudi nyumbani kwa Waya, hakusema kwa nini. Waya akawa anakwenda pale kila jioni, na hakubisha hodi. Alisimama mlangoni kimya mpaka mtu amwone miguu kwanza, halafu uso, ndipo afunguliwe bila neno. Nyumba ile haikumwambia mtu karibu tena. Na yule mwingine aliendelea kuja, mara moja kwa wiki, mara mbili. "Hodi," kwa ile sauti nzuri ya kubembeleza. Wote waliinamisha vichwa, wakatazama sahani zao mpaka aondoke. Hakuna aliyelizungumza. Mtoto akakua katika kimya hicho, akaanza kutambaa, akasimama, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumweleza ni kwa nini.

Jioni moja Waya alikuwa ameketi na binti yake mapajani. Wiki hiyo alikuwa ameanza kusema, na nyumba nzima ilikuwa inamfundisha maneno: maji, bibi, paka. Mama mkwe alikuwa anamcheka.

"Hodi," ikasema mlangoni.

Wakanyamaza. Mama mkwe akatazama chini. Mkewe akatazama chini. Waya, kwa aibu ile ile ya siku zote, naye akatazama chini, akaona mtoto amegeuza shingo anamtazama midomo, midomo iliyofungwa, kisha anatazama mlango, kisha anatabasamu, amefurahi kumtambua anayekuja.

"Baba," mtoto akasema. Na neno ambalo hakuna mtu aliyemfundisha likamtoka waziwazi. "Kaibu."

Kile kiti kikafanya kwiii.