Mlango wa Sauna ya Kambi ya Hirvijoki

Haya alinisimulia Kerttu Rautiainen, inspekta wa polisi, mwezi wa Machi uliopita, tulipokuwa tumekaa foleni kwa daktari wa macho.

Mlango wa sauna ya kambi ya jeshi ya Hirvijoki, chumba cha kuoga kwa mvuke wa moto, ulikuwa umeibiwa. Haukuvunjwa. Mtu aliung'oa kwenye bawaba akaenda nao, akauacha ukumbi wazi kwa baridi.

Kapteni Juhola, mkuu wa kambi, alimpokea Kerttu kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa nchi.

"Ni mali ya jeshi, Inspekta. Jumatatu tulikuwa tuubadilishe na kupaka rangi chumba kizima. Wakubwa wakija kukagua nitawaambia nini?"

"Waambie waoge na makoti," Kerttu alisema, akachuchumaa kwenye fremu.

Hapo utani ukamwisha. Upande wa ndani wa fremu palikuwa na matundu ya skrubu, yamezibwa kwa putty, ule ute mzito wa kuzibia nyufa, ambayo haijamaliza kukauka. Sasa, sisi huku tunafundishwa tukiwa wadogo kabisa: mlango wa sauna hufunguka kwa nje, unausukuma kwa bega tu, na kwa ndani haufungwi kamwe. Aliyezidiwa na joto aangukie nje, asifie ndani.

"Nani aliweka komeo hapa?"

"Komeo? Kwenye sauna?" Kapteni alicheka. "Labda kichaa."

"Kichaa huyo ameacha alama ya dole gumba kwenye putty."

Kapteni hakucheka tena. Kerttu akawaita wataalamu wa alama za vidole, kisha akafuata mistari miwili myembamba kwenye theluji. Ilikuwa ya sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji kinachosukumwa kwa mguu, kile wanachoendea dukani wazee wetu. Ilipita kantini ya askari, ikaishia kwenye banda la kuni la Hilkka Pesonen, mjane aliyejitolea miaka mingi kuwakaangia vijana maandazi na kuwamiminia kahawa.

Mlango ulikuwa umeegemezwa bandani, umefunikwa blanketi. Komeo lilikuwa bado juu yake, jipya, linang'aa.

"Umeiba, mama?"

"Nimeiba."

"Peke yako?"

"Nani mwingine? Nimesukuma, nimetukana, nimefika."

"Kwa nini?"

Hilkka alijifuta unga mikononi. "Kwa sababu Jumatatu wangeuchoma. Nilimsikia Sajini Kaukoranta akiwaambia vijana, akinywa kahawa yangu. Ingia ndani, uone mwenye mlango."

Jikoni alikaa msichana wa miaka kumi na tisa, kikombe mkononi, hanywi. Vilja Hiltunen alikuwa amejiunga na jeshi kwa hiari yake, na kwa kulenga shabaha hakuna mvulana aliyemfikia.

"Ilikuwa zamu yangu kuwasha jiko la sauna," alisema, macho yakiwa mezani. "Sajini Kaukoranta akaingia, eti anakagua. Akafunga komeo."

Akaweka kikombe chini. Kerttu hakumsukuma.

"Si lazima umalize sasa. Yuko daktari mwanamke, na yuko mshauri. Utasema ukitaka, utaacha ukitaka. Ulimwambia mtu?"

"Kapteni. Kesho yake. Akasema nisiharibu jina la kambi. Ijumaa ananiruhusu niondoke, jambo liishe."

"Na wewe unataka kuondoka?"

"Nataka aondoke yeye. Lakini nani ataniamini? Neno langu na la sajini."

"Nilimwambia twende polisi," Hilkka alisema. "Akasema hajawa tayari. Basi sikumvuta. Nikauleta mlango umsubiri hapa."

Kerttu aliniambia hasira ilimpanda mpaka masikio yakawasha. Alirudi kwa Kapteni bila kuvua kofia.

"Mlango ulipopotea, ulipiga simu baada ya muda gani?"

"Mara moja."

"Na binti?"

"Inspekta, mambo ya ndani ya jeshi..."

"Kubakwa si mambo ya ndani. Mlango una bei, ukaita polisi. Binti wa watu ukamtafutia usafiri wa kwenda kwao. Vaa koti. Na wewe utaandika maelezo."

Kaukoranta alihojiwa kituoni, wakili pembeni.

"Komeo ni la nini?"

"Kuzuia upepo."

"Umekulia wapi wewe?"

"Hapa hapa."

"Halafu unamwambia mwanamke wa hapa hapa kwamba sauna huwekewa komeo kuzuia upepo? Bibi yako angekucharaza na matawi."

Kerttu akafungua faili.

"Dole gumba kwenye putty ni lako. Alama kwenye komeo ni zako. Ulikwisha kung'oa kipande cha komeo kilichokuwa kwenye fremu, ukarudi kumalizia mlango ukakuta haupo. Ulidhani ni nani kauchukua?"

"Sikudhani kitu." Alikuwa anatazama mikono yake. "Alinishinda shabaha mbele ya kikosi kizima. Wakanicheka. Nilitaka ajue mwenye kambi ni nani."

"Ndiyo ukambaka?"

Wakili alimgusa bega. Sajini akalitikisa bega kuuondoa mkono.

"Ndiyo. Nilijua angeondoka. Wote huondoka."

Kerttu aliweka kalamu chini. "Wote akina nani?"

Akawataja. Walikuwa watatu kabla ya Vilja.

Siku hiyo hiyo, giza la alasiri likiwa limeshaingia, maana majira ya baridi huku jua huzama mapema, Kerttu alirudi kwa Hilkka. Kaukoranta yuko mahabusu, alisema. Kapteni amesimamishwa kazi, naye anachunguzwa.

"Amekiri mwenyewe?" Vilja aliuliza.

"Mwenyewe. Na wengine watatu tutawatafuta. Wakitaka kusema, tutasikiliza."

"Waambieni mimi nipo," Vilja alisema. "Ijumaa siendi popote."

Akala supu ya njegere sahani mbili bila kuinua uso. Kisha akajilaza kwenye benchi la jikoni, kati ya makoti, akalala. Hilkka alikaa kwenye kiti akimtazama anavyopumua, mpaka kidevu chake kikamwangukia kifuani.

Kerttu alijiambia atafumba macho kidogo tu kabla ya kuendesha gari. Akalala na viatu miguuni.