Ladha ya Chuma Mdomoni

Inspekta Bilkisi aliitwa akachukue maiti. Alipofika kwenye baa ya Mama Kabedi, hapa Kolwezi, maiti ilikuwa imekaa chini, imeegemea kreti la bia, inaomba maji.

Aliyetangazwa kufa aliitwa Mbayo, dereva wa lori la shaba. Macho yalikuwa yamemwiva, jasho linamtiririka, shati limechafuka kwa matapishi. Alikuwa hawezi kusimama, lakini kusema aliweza, na umati mzima ulimsikia.

"Ule mama alinitilia sumu."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu Mbayo kuanguka kwenye baa ile. Vijana walikuwa wameshaanza kuokota mawe. Bilkisi akampeleka mgonjwa hospitali, kisha akampakia mwenye baa kwenye gari la polisi. Ukweli usipopatikana, kesho yake Mama Kabedi angefikishwa kwa mwendesha mashtaka akiwa mtuhumiwa wa kujaribu kuua, na baa aliyoijenga tangu afiwe na mumewe ingechomwa na umati ikabaki majivu.

Kituoni askari walicheka. Kesi ya pombe amepewa binti wa wafanyabiashara Waislamu wa Kindu, mtu asiyeijua hata harufu ya kizibo! Bilkisi aliwaacha wacheke. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mtuhumiwa.

"Chupa uliifungulia wapi?"

"Mbele yake, mama inspecteur. Vile minafungulia bantu bote."

"Mliwahi kugombana?"

"Nilimufukuza siku moja, juu ya fujo. Kesho yake alirudia, tukacheka."

"Nani atakuletea chakula hapa?"

Mama Kabedi aliangalia sakafu. "Hakuna. Bandugu yangu beko mbali, Musumba."

Mahabusu yetu haipiki. Asiye na ndugu mjini hushinda na njaa, na Bilkisi alilijua hilo kuliko alivyopenda.

Hospitalini alimkuta Daktari Hénock akiosha mikono.

"Bia iliyobaki kwenye chupa tumeipima. Ni bia tu," daktari alisema.

"Basi ameugua nini?"

"Bado sijui. Moyo ulikuwa unakimbia, mkojo mweusi. Kama mtu aliyekunywa bia juu ya dawa fulani. Lakini anaapa hajameza hata kidonge."

Mbayo alikuwa amelala, ana dripu mkononi. Sauti ilikuwa imemrudia, na hasira pia.

"Unatumia dawa gani?" Bilkisi aliuliza.

"Hakuna. Mi siko mugonjwa. Ni ule mama."

"Umeanza lini kujisikia vibaya?"

"Sasa ni mwezi. Mu kinywa minasikia chuma tu. Hata maji ni chuma."

Bilkisi hakuandika. Katika mji huu, ambako vumbi la migodi hutua hadi kwenye mashuka, nani hasikii chuma mdomoni? Akaendelea.

"Hunywi kwingine?"

"Minakunywa. Wiki ilipita lori iliharibika, tukakaa Tenke siku mingi. Nilikunywa kila mangaribi, hata kichwa hakikuniuma."

"Bia ileile?"

"Ileile."

"Na chuma mdomoni?"

Mbayo alifikiri. "Kule ilipoteaka."

Kalamu ya Bilkisi ilisimama. Tenke nako kuna migodi, na vumbi lake si dogo kuliko letu. Akatoka kumtafuta daktari.

"Dawa hiyo uliyoifikiria inaacha ladha gani?"

"Metronidazoli? Ya chuma." Daktari Hénock alisita, akajipiga paji la uso. "Anasikia chuma? Hakuniambia. Ni antibiotiki, mama inspecteur. Wengine wakiimeza na kunywa pombe hawapati kitu. Wengine wanatapika hadi wanazimia, na moyo ukiwa dhaifu, wanaweza kufa. Nitatuma mkojo wake Lubumbashi, lakini majibu yatachelewa."

Kwa hiyo bia ilikuwa haina hatia. Kitu kilikuwa kimemtangulia tumboni, kitu ambacho Tenke hakukila. Bilkisi alirudi kituoni polepole, kwa sababu alikuwa ameanza kuona njia inakoelekea na hakuipenda.

Mama Kabedi alikuwa anakula. Bukari ya moto, ule ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki.

"Nani ameleta?" Bilkisi alimuuliza askari wa zamu.

"Stéphanie, bibi ya Mbayo. Aliniomba nisiseme."

Bilkisi alilitazama lile bakuli. Tangu lini mke akampikia mtu aliyemwekea mume wake sumu?

Nyumba ya Mbayo haikuwa mbali. Stéphanie, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alikuwa anafua shati lile la matapishi. Alipomwona inspekta mlangoni, alilikamua na kulianika vizuri kabla ya kugeuka.

"Mama Kabedi alikula?"

"Alikula. Dawa ulikuwa unaitia wapi, mama? Kwenye sombe?"

Stéphanie hakukataa. Alikaa juu ya ndoo.

"Mu sombe, na pilipili mingi, ya kuficha buchungu."

"Nani alikufundisha?"

"Mi nilikuwaka mugonjwa. Infirmière, ule muuguzi wa ku hospitali, alinipa ile dawa, akasema nisionje pombe, nitatapika bibaya. Nikawaza, kama bwana yangu anatapika, ataiacha. Basi nikaendelea kuinunua ku soko."

"Ungemuua."

"Sikujua inaweza kuua. Nilitaka tu achukie bia."

"Na mwenzako akakamatwa kwa ajili yako."

Machozi yalimtoka. "Tangu bamukamate situlii. Nilisema nitakuja kusema. Nikafika ku mulango, nikaogopa, nikaacha chakula."

"Wanaume wengi wanakunywa, mama. Kwa nini huyu ilikubidi umfanyie hivi?"

Stéphanie aliingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. Alikifungua. Ilikuwa kandambili moja ya mtoto, ya rangi ya waridi, imekatika ukanda.

"Usiku moja alirudia na lori, amelewa, hakumbuke kitu. Asubui nilikuta hii mu pare-choc, kile chuma cha mbele ya lori. Hakukuwa damu. Nilienda ku barabara ya karibu, nikauliza mu nyumba zote. Hakuna mwenye alipoteza mutoto. Pengine ni takataka tu. Lakini kila siku anatoka na ile lori, na mi ninaangalia hii."

"Ulimwonyesha?"

"Nilimuogopa."

Jioni ile Bilkisi alimfungulia Mama Kabedi. Getini mwenye baa alikutana na Stéphanie akiletwa, akamrudishia bakuli lake limeoshwa.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningemukatalia bia."

"Angeenda kwa mwengine."

Mama Kabedi hakubisha. Alimshika bega, kisha akaenda zake kufungua baa.

Bilkisi aliandika maelezo yote, kwa kuwa kumlisha mtu dawa asiyoijua ni kosa hata kama umempenda. Kabla ya kupeleka jalada alipita hospitali pamoja na Stéphanie, akaweka kandambili juu ya blanketi.

"Aliyekutilia ni mimi," Stéphanie alisema. "Juu ya hii. Ilikuwa mu pare-choc yako."

Mbayo alifungua mdomo kwa hasira. Kisha akaiangalia ile kandambili, akaigeuza, akapitisha kidole pale ukanda ulipokatika. Hasira ikamtoka usoni, ikabaki hofu tupu.

"Ile siku," aliuliza taratibu, "nilipitia barabara gani?"

Wa kumkumbusha hakuwepo. Ndani ya lori alikuwa peke yake.